Bomba la Nyuma

Mke mwenzangu alikuwa wa chuma. Alinizidi urefu na unene, na kwa miaka kumi na mitatu mume wangu aliondoka kitandani kwangu kila alfajiri kwenda kumwasha. Nasema juu ya boila ya makaa ya mawe iliyokuwa kwenye chumba cha matofali nyuma ya kliniki ya manispaa hapa La Rochelle, kusini mwa Johannesburg. Bakiri, mume wangu, ndiye aliyekabidhiwa. Alimwita Bibi. Akirudi nyumbani mchana, kabla hata hajavua viatu, nilipewa habari zake: Bibi leo kakohoa, Bibi leo katulia, Bibi anataka kusafishwa mabomba. Siku niliyolala na homa aliniuliza mara moja tu kama nimekunywa dawa, akarudi kwa Bibi.

Namtania, lakini Bibi alikuwa na faida zake. Alipasha joto wodi ya uzazi yenye vitanda vinane, akachemsha maji ya manesi na ya wazazi, na baridi ya mji huu mwezi wa sita si ya kuchezea. Nyasi zinaamka nyeupe na maji ya bomba la uani yanaganda. Tena alikuwa na bomba moja ambalo halikuandikwa popote. Lilitokeza ukutani nyuma ya chumba chake, upande wa uchochoro, karibu na lundo la majivu. Bomba hilo ndilo lililonilisha mimi.

Kazi yangu ni kukanda wazazi. Naitwa Mwatumu, natoka Tanga, na kwetu mwanamke akijifungua hukandwa siku arobaini: unachovya taulo kwenye maji ya moto, unalikamua, unambana nalo kiunoni, tumboni, mgongoni, mpaka mwili urudi mahali pake. Hapa mjini wanaonitafuta si Watanzania peke yao. Wakongo wananiita, Warundi wananiita, na kuna Mzulu mmoja wa mtaa wa pili aliyenicheka kwa mtoto wa kwanza, kwa mtoto wa pili akanitumia gari. Shida ni maji. Vyumba vya kupanga vya huku ni vya uani, umeme unanunuliwa kidogo kidogo, na wenye nyumba wengi wamepiga marufuku birika na jiko la umeme. Mzazi mmoja anataka ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Ukiwa na wazazi saba au nane, maji yote hayo utayachemshia wapi? Kwenye jiko la mafuta ya taa utakesha.

Basi Bakiri akafungua bomba la nyuma. Asubuhi na jioni waume, mashemeji na majirani walipita uchochoroni na ndoo zenye vifuniko, wakajaza, wakaondoka. Hakuna aliyeruhusu na hakuna aliyekataza. Sista Nomalanga, mkuu wa wodi, alikuwa na dirisha linalotazama uchochoro ule, na kila jioni saa kumi na moja alilifunga pazia.

Mwaka 2012, mwanzoni mwa Juni, Bakiri akaja na habari kwamba Bibi ataondolewa.

"Manispaa haitaki tena makaa kwenye majengo yake," alisema. "Moshi, na ile hewa ukaa. Wataweka pampu za joto nje, na vioo vya jua juu ya paa."

"Pampu ya joto ndiyo nini?"

"Mashine yenye feni. Inanyonya joto kwenye hewa inapeleka kwenye maji."

"Hewa ya Julai? Ina joto gani la kunyonywa?"

"Wanasema lipo. Wanasema ni kama friji iliyogeuzwa nyuma mbele." Akapuliza chai yake. "Mama Twalib, moshi ule si mzuri. Vile vitoto vinaupumua siku ya kwanza tu duniani. Mimi mwenyewe nikikohoa natema cheusi."

Nilishangaa. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza kama mfiwa, kumbe mwenyewe alishaliwaza jambo hilo na kulimaliza. Nikamuuliza juu ya kibarua chake. Alisema wameahidi hakuna atakayefukuzwa; watamfundisha kusoma saa za mashine mpya mpaka astaafu. Miaka minne tu ilikuwa imebaki.

Lakini kabla ya kununua chochote, walitaka kupima. Watafunga mita kwenye bomba linalotoka kwa Bibi, waiache wiki nzima, wajue jengo linatumia maji ya moto kiasi gani kwa siku. Na toroli za makaa nazo zitahesabiwa. Kwa vipimo hivyo watachora mpango: tangi kubwa kiasi gani, pampu ngapi, vioo vingapi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nasema ni langu kwa sababu Bakiri hakunituma. Mimi nimelelewa hivi: mgeni akiwa njiani, uwanja unafagiliwa, vyombo vibovu vinafichwa, watoto wanaoshwa nyuso. Wageni hawa walikuwa wakubwa, na kitu kibovu tulichokuwa nacho ni kwamba maji ya serikali yalikuwa yanatoka kwa ndoo. Nikaona wakiona, mume wangu hana kazi. Nikazunguka vyumba vyote nilivyokuwa nakanda, nikatangaza: wiki ya wageni hakuna ndoo, hata moja. Nikaenda uchochoroni na mchanga na brashi, nikasugua alama za duara ambazo makalio ya ndoo yalikuwa yameziacha kwenye sementi kwa miaka kumi na mitatu. Palipokuwa na unyevu nikamwaga majivu. Kwenye bomba nikatundika fagio. Niliporudi nyuma kutazama, nilijipongeza.

Aliyekuja kufunga mita alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na mitano, kofia ya plastiki kichwani, buti mguuni. Kelly. Mama yake ni Mrundi wa Rosettenville. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akaelewa kila kitu, akanijibu kwa Kiingereza, akaniita Gogo. Gogo kwa Kizulu ni bibi. Nina miaka hamsini na minne.

Simlaumu kwa lugha. Mwanangu Twalib alizaliwa hapa hapa, yuko Durban anasomea ufundi wa magari, na nikimpigia simu namsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, tunaagana tumeelewana.

Kelly alifunga mita, akazunguka jengo, akafika uchochoroni. Alitazama fagio. Alitazama sementi muda mrefu.

"Safi sana," alisema, kwa Kiswahili. Nikadhani ni sifa.

Wiki ile niliiona. Nilichemsha maji kwenye jiko la mafuta ya taa, sufuria baada ya sufuria, na nikifika kwa mzazi wa tatu yameshakuwa vuguvugu. Inès, Mrundi aliyekuwa na mtoto wa siku kumi, aliniambia, "Mama, leo umenipapasa tu." Siku saba zikaisha, mita ikafunguliwa, ndoo zikarudi uchochoroni, nami nikaona tumepona.

Baada ya wiki mbili nilikuwa napita getini, Lambert akaniita. Lambert ni mlinzi wa kliniki, Mkongo wa Lubumbashi, mtu asiyejua kunong'ona. Siku hiyo alinong'ona.

"Maman Mwatumu, kuya kwanza. Banasema papa Bakiri anauzishaka makaa."

"Nani wanasema?"

"Mu ofisi. Nimesikia na masikio yangu. Banasema ni mwizi."

Nikamtaka anieleze polepole, naye akanieleza. Kelly alikuwa ametoa daftari za makaa za miaka mitatu. Kila wiki ya Juni, kila mwaka, Bakiri alichoma toroli kumi na nane. Wiki ya kupimwa alichoma kumi na tano, na mita ilionyesha kumi na tano zimetosha kabisa. Meneja wa majengo, yule wa kutoka manispaa, akauliza: sasa toroli tatu za kila wiki huwa zinakwenda wapi? Akajijibu mwenyewe. Wakati wa baridi makaa yanauzwa kwa kopo kule kwenye hosteli za Jeppestown, watu wanaota moto, na mwenye ufunguo wa chumba cha makaa ni mmoja tu.

Nikakaa kwenye kiti cha Lambert. Mume wangu hajawahi kuleta nyumbani hata kipande cha makaa cha kuandikia ukutani. Nami nilikuwa nimemfanya mwizi kwa fagio langu.

Nilimkuta nyumbani anamenya viazi. Kumbe alikuwa anajua tangu Jumatatu.

"Siku nne!" nikamwambia. "Siku nne unakula ugali wangu huniambii!"

"Ningekwambia ungefanya hivi unavyofanya."

"Na kwao umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Baba Twalib, waambie ni ndoo!"

Aliweka kisu chini. Bakiri akikasirika anazidi kuwa mpole, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote. "Nikiwaambia ni ndoo, kesho yake asubuhi watakuja na fundi kuliziba bomba. Emérite amebakiza siku ngapi?"

Emérite alikaa chumba cha nyuma yetu. Ana miaka ishirini na miwili, mama yake alifia kambini wakati wa kukimbia vita vya Burundi, na mumewe Salvator ananyoa nywele Rosettenville kuanzia asubuhi mpaka giza. Aliniita Mama tangu siku alipohamia, kabla hajajua jina langu. Mimba ilikuwa imeshuka na nilikuwa nimemwahidi siku arobaini zote, bila kuruka hata moja.

"Kwa hiyo utakubali kuitwa mwizi," nikasema.

"Miezi mitatu, minne. Mpaka baridi iishe. Wazazi wa mwaka huu watakuwa wameshakandwa." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Usiende kusema kitu, Mama Twalib. Nakuomba."

Nimeolewa na Bakiri miaka ishirini na sita na nimemtii mara nyingi kuliko anavyokiri. Usiku ule nilimpenda mpaka nikataka kumpiga. Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulifikisha mwisho, kwa sababu alikuwa anahesabu wazazi wa mwaka huu tu. Mpango ulikuwa unachorwa kwa mita ile niliyoidanganya. Bibi akishaondoka, tangi jipya litakuwa na maji ya wodi peke yake, na halitakuwa na ndoo ya mtu, si ya mwaka ujao wala ya miaka ishirini ijayo. Yeye atakuwa amebeba jina la mwizi kununua miezi minne.

Alhamisi iliyofuata kukawa na mkutano wa kuonyesha mpango. Walitangaza kwa karatasi getini, kila mkazi wa eneo anakaribishwa. Nami ni mkazi. Nikavaa khanga zangu nzuri, nikachukua ndoo na taulo, nikaenda.

Ulikuwa ukumbi wa wagonjwa wa nje. Michoro ilibandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Meneja alikaa mbele, mzee wa suti na sweta ndani yake, pamoja na Sista Nomalanga, mhandisi mmoja na Kelly. Watu kama thelathini tulikaa kwenye mabenchi. Bakiri alisimama nyuma ukutani, ovaroli yake imefuliwa na kupigwa pasi na mimi mwenyewe. Aliponiona na ndoo alitikisa kichwa. Nikatazama pembeni.

Meneja alieleza. Moshi utakwisha. Gharama itashuka. Paa litabeba vioo kumi na viwili. Tangi litatosha lita elfu mbili na mia nne kwa siku, kama mita ilivyoonyesha. Kisha akasema, bila kumtaja mtu, kwamba vipimo vimefichua pia mambo fulani yasiyopendeza kuhusu makaa, na hatua zitachukuliwa. Shingo zikageuka kumtazama Bakiri. Akauliza kama kuna maswali.

Nikasimama. Kiingereza changu ni cha kununulia vitu, hakitoshi kumtetea mume. Nikamwonyesha Kelly kidole.

"Mimi nasema Kiswahili, huyu binti yangu atatafsiri."

Kelly alishtuka, akamtazama bosi wake, akasimama.

"Mita yenu imesema kweli," nikasema. "Sisi ndio tuliosema uongo. Ile wiki mliyopima, mimi nilifunga bomba la nyuma. Siku zote linatoa ndoo thelathini kwa siku. Toroli zenu tatu hizo hapo. Hazikwenda Jeppestown. Zimekwenda migongoni mwa wazazi wa La Rochelle, na nimewakanda kwa mikono hii."

Kelly alitafsiri mpaka akafika hapo akakwama. Aliniangalia. "Gogo, u-mewakanda... how do I say..." Mama yake lazima alikandwa, lakini nani anamweleza mtoto mambo hayo?

Nikaona maneno hayatatufikisha. Nikampa ndoo Lambert, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaenda mbio bomba la nyuma, akarudi nayo inafuka. Nikaiweka mbele ya meza. Nikachovya taulo, nikalikamua, nikamwambia meneja, "Vua koti, baba."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Lakini Sista Nomalanga alikuwa ameshamshika kola, akisema kitu kwa Kizulu juu ya wanaume waoga, na koti likatoka. Nikambana taulo kati ya bega na shingo, nikaegemea na uzito wangu wote, na Mungu hakuninyima uzito.

"Eish," alisema meneja. Akafumba macho. Nikahesabu kumi nikamwachia.

"Hivyo," nikamwambia Kelly. "Mara mbili kwa siku, siku arobaini, mwili mzima. Mwambie na maji yakipoa haisaidii kitu."

Kelly aliwaambia. Halafu akaongeza la kwake, na Lambert ndiye aliyenifafanulia baadaye: kwamba alijua tangu siku ya kwanza kuna kitu, maana hakuna mtu duniani anayesugua uchochoro wa majivu ukawa mweupe vile, na kwamba kwenye ripoti yake alikuwa ameweka alama ya kuuliza. Bosi wake ndiye aliyeiondoa.

Meneja alivaa koti pole pole. Sasa alimtazama Bakiri moja kwa moja. Aliuliza kwa Kiingereza chepesi, hata mimi nikakielewa: mambo haya yameanza lini, na nani alimruhusu?

Nilidhani hatasema, na nilidhani nimemwangamiza bure. Kisha Bakiri akavua kofia.

"Ndoo ya kwanza sikuitoa hapa," alisema. "Niliitoa Jeppestown, mwaka tisini na nne, mwezi wa saba. Nilikuwa nachochea boila ya kiwanda cha kufulia mashuka. Mke wangu alijifungua chumba cha kupanga, hatuna ndugu, hatuna jirani tunayesikilizana naye lugha. Alikuwa anatetemeka. Nikaiba ndoo ya maji ya moto, nikaifunika koti, nikavuka nayo mitaa minne. Hakukuwa na mwanamke wa kumkanda. Nikamkanda mimi. Yeye analia na kunifundisha, mimi sijui nishike wapi." Alipumua. "Siku arobaini. Hakuna aliyeniruhusu. Nilipopata kazi hapa nikaona bomba, nikasema hapa mwanamke hatatetemeka."

Kelly alitafsiri yote. Kwenye neno la kutetemeka alikohoa, akamalizia. Mimi nilikuwa nimefunika uso na ncha ya khanga. Miaka kumi na minane mtu huyu hajawahi kumsimulia yeyote habari ile, kwa aibu, maana kwetu mwanamume kumkanda mzazi ni kichekesho cha ukoo mzima. Na mimi pia nilikuwa nimemwahidi sitasema.

Aliyefuata kusema ni Sista Nomalanga. Alisema wazazi wale ni wa wodi yake. Yeye anawapa ruhusa saa sita tu baada ya kujifungua kwa sababu vitanda ni vinane. Wakifika nyumbani kwenye baridi, wanarudi kwake na homa. Wanaokandwa hawarudi. Kama manispaa inataka karatasi ya kusaini, aletewe yeye.

Meneja hakugeuka malaika. Alisema kutoa maji ya umma bila idhini ni kosa, na Bakiri atapata onyo la maandishi. Neno la wizi analifuta. Na mpango hauwezi kwenda mbele kwa vipimo vya uongo. Kwa hiyo wiki ijayo mita irudi, na safari hii kila ndoo iandikwe. Aligeuka kunitazama. Aliniambia, na Kelly akatafsiri akitabasamu, kwamba nisifagie kitu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilibeba ndoo yangu nikisubiri kugombezwa. Tulifika roboti ya kwanza, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, gari zikasimama, tukavuka. Ya pili nayo tukavuka.

"Nilikukataza," alisema Bakiri tulipofika ya tatu.

"Ulinikataza."

Akaninyang'anya ndoo akaibeba yeye. Hayo ndiyo magomvi yote tuliyogombana.

Emérite alijifungua Jumanne ya wiki ile ya pili ya kupima, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Siku hiyo hiyo jioni alikuwa amerudi chumbani kwake na mimi nimeshapandisha mikono ya blauzi. Salvator alikwenda kuchukua maji. Kelly alikuwa amekaa uchochoroni kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, anaandika kila anayepita: lita ishirini, saa ngapi, ya mzazi yupi. Salvator alimwambia jina la mkewe herufi kwa herufi, akataka aone limeandikwa. Kisha akamtajia na la mtoto, ambalo halikuhitajika.

Nilimkanda Emérite kama nilivyoahidi. Alilia kidogo, si kwa maumivu. Aliniuliza kama mama yake angefanya hivi hivi. Nikamwambia angefanya vizuri zaidi, maana mama hana haraka ya kwenda kwa mzazi mwingine. Akacheka, nami nikatumia kicheko hicho kumbana tumbo vizuri.

Jumamosi walijumlisha. Lita elfu tatu na kidogo kwa siku, toroli kumi na nane kamili. Kelly alimwonyesha Bakiri mchoro mpya: tangi limenenepa, pampu imeongezeka moja, na nyuma ya jengo, upande wa uchochoro, kuna mstari mwembamba unaotoka ukutani na kuishia na bomba. Lina mita yake. Bibi ataondoka mwezi wa kumi na moja. Nilidhani nitafurahi, lakini nilipokwenda kumpelekea Bakiri chakula niliuwekea mkono ukuta wake wa joto, nikauacha hapo. Amenitunzia mume miaka mingi.

Jioni ile, Kelly akiwa bado hajafunga daftari lake, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, wazazi wanane wamenimaliza mgongo, sina nguvu hata ya kuvua kilemba. Bakiri aliingia na ndoo yenye kifuniko.

"Ya nani hiyo?"

"Geuka."

"Baba Twalib, nimechoka."

"Ndiyo maana nasema geuka."

Alishusha khanga mabegani kwangu. Nikasikia taulo likichovywa, maji yakichuruzika, na namna yake ile ya kukamua mara mbili badala ya moja, niliyomfundisha mimi mwenyewe nikiwa nalia. Mikono yake ilikuwa migumu na ilijua mahali pa kwenda.

"Hii nayo imeandikwa?" nikamuuliza.

"Imeandikwa. Lita ishirini."

"Umemwambia Kelly ya mzazi yupi?"

"Wa mwaka tisini na nne."

"Akaandika?"

"Akaandika."

Taulo lilikuwa la moto kupita kiasi, kama kawaida yake, na sikumwambia kitu.